Nguo Nyeusi ya Gari la Dereva

Tangu enzi za uchumba wao, mke alimwita mumewe Dereva na mume akamwita mkewe Fundi, na hakuna aliyeona haja ya kubadili. Wakati ule mume alikuwa dereva wa hospitali. Alifika kwenye kibanda cha ushonaji na suruali iliyochanika makalioni, na kwa kuwa hakuwa na nyingine, alisubiri nyuma ya pazia amejifunga kitambaa cha mteja mwingine, akipiga soga na kucheka kana kwamba ameketi sebuleni kwao. Fundi alicheka mpaka sindano ikamponyoka. Mwanamume anayeweza kuzungumza vile bila suruali, alijiambia, hatashindwa kuishi na mimi.

Alijiambia hivyo kwa sababu ya mguu. Mguu wake wa kushoto uliugua angali mdogo na haukukua sawasawa na mwenzake, kwa hiyo alitembea kwa mkongojo. Cherehani aliikanyaga kwa mguu mmoja na akawapita wengi wenye miwili. Lakini barabara si cherehani. Kutoka nyumbani hadi kibandani, kwa wengine palikuwa hapo tu. Kwake yeye ilikuwa safari ya kufika amelowa jasho kabla hajatunga uzi.

Ndiyo maana Dereva aliponunua gari, lililokwisha kutumiwa na wengine, rangi ya bluu iliyokolea, hakununua kwa ajili ya sifa. Sifa alizipenda pia, tusimsingizie utakatifu. Gari lenyewe lilijaa vyuma vya kung'aa, kromu kila mahali: ukanda katikati ya boneti, fremu za madirisha, vifuniko vya vioo vya pembeni, waipa, vishikio vya milango, hata ndani kwenye dashibodi kulikuwa na pete za kromu kuzunguka saa na mita. Kila asubuhi alivisugua kwa fulana kuukuu. Kisha anamfungulia Fundi mlango, anapokea mkongojo, anaulaza kiti cha nyuma, anafunga mlango taratibu. Watoto walizaliwa, wakakua, wakaoa na kuolewa, na mlango ule uliendelea kufunguliwa hivyo hivyo.

Kisha macho ya Dereva yakaingia ukungu. Alifanyiwa upasuaji, na daktari akamwambia kuona anaona, kuendesha aendeshe, ila mng'ao mkali ungemsumbua kwa muda, pengine kwa muda mrefu. Dereva alisikia neno "aendeshe" akaacha mengine hospitalini. Lakini jua likimkabili, Fundi alimwona akiinamisha kichwa pembeni kama kuku anayesikiliza. Alijaribu miwani myeusi, ikawa hasara juu ya hasara: penye kivuli haoni mtu, na kwenye jua vyuma vinamchoma vilevile.

Jumatatu moja wakirudi kutoka kibandani, mama mmoja mwenye ndoo alivuka barabara. Dereva alichelewa kumwona. Breki zililia, ndoo ikamwagika, yule mama akawapa maneno yao waliyostahili na kwenda zake mzima. Usiku Dereva alimpigia simu mkwewe, mume wa binti yao.

"Njoo Jumamosi ulichukue gari, mwanangu. Mimi basi."

Fundi alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja. Habari ya kibanda chake aliijua, angepata namna. Alichokiogopa ni kile kiti cha sebuleni karibu na dirisha. Alimwona tayari Dereva amekikalia, akisikiliza magari ya watu wengine yakipita, akitaja aina ya injini bila mtu wa kumjibu. Mtu aliyemchukua yeye kila mahali maisha yake yote, sasa akae asiende popote. Ilimuuma kuliko mguu ulivyowahi kumuuma.

Kesho yake Fundi alitoka peke yake, akaingia ndani ya gari lililoegeshwa uani, akakaa kiti cha dereva. Jua lilikuwa mbele. Yeye ni mtu wa kuangalia kitambaa dhidi ya mwanga, na hakuchukua muda kuona kwamba si jua zima linalomchoma mumewe. Ni vimulimuli: kimoja kutoka boneti, kingine kutoka waipa, vingine kwenye dashibodi na vioo vya pembeni. Akashuka, akafunika ukanda wa boneti kwa mabaki ya kitambaa cheusi, halafu akamwita.

"Dereva, njoo ukae hapa."

"Nimeshasema sitaki gari."

"Sijakwambia uliendeshe. Nimekwambia ukae."

Akaja kwa kuburuta ndara, akakaa, akatazama mbele. Kichwa hakikuinama sana.

"Limepungua," alisema, kama mtu anayekiri deni.

Jirani wa kibandani alikuwa fundi wa stika, bwana mwenye upara anayeandika mabango ya maduka na kubandika mapambo ya magari. Fundi alimweleza shida yake, naye akamtolea bunda la stika nyeusi isiyong'aa, iliyobaki kwenye kazi ya mtu.

"Ningekufanyia mwenyewe, dada, ila nina mabango ya watu mpaka wiki ijayo. Kazi yenyewe nyumbani inafanyika. Osha, futa kwa spiriti, kausha. Laza stika ikiwa pana kuliko chuma, pasha moto kwa draya ya nywele, ikandamize, ndiyo ukate. Kata ikiwa juu ya gari, si mezani. Na usiivute! Ukiivuta ikiwa baridi, itakuitikia leo, kesho inarudi kwao."

"Nimekusikia, kaka."

Kusikia alisikia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu la Fundi lilikuwa na hitilafu tangu utotoni, huenda alidhani methali hiyo imeshamalizana naye.

Dereva alipoliona bunda, aliruka.

"Nyeusi? Gari limefiwa na nani?"

"Halijafiwa. Linavaa nguo ya kazi."

"Kromu hii nimeisugua mpaka inanijua. Sasa uifunike kama maiti?"

"Dereva, unataka kromu au unataka kuendesha?"

Dereva aliweka funguo juu ya meza. "Fanya utakavyo. Jumamosi litakuwa la mwingine." Akaenda kukaa kwenye kiti kile cha dirishani. Alikigeuza kisielekee uani.

Alhamisi Fundi alifunga kibanda akabaki nyumbani. Aliosha vyuma, akavifuta kwa spiriti mpaka pua ikamwasha. Na baada ya hapo akafanya alichokifanya maisha yake yote: akachukua magazeti, akapima kila chuma, akakata patani za karatasi, akazipeleka mezani, akakata stika kwa mkasi, akiacha upana wa kidole kwa ajili ya pindo. Mzoea kunyonga, kuchinja hawezi. Kila palipopungua kidogo, kwenye kona za madirisha na kwenye mviringo wa vioo, aliivuta kama anavyovuta lastiki ya sketi, na stika ikafuata kwa utiifu. Jioni gari lilikuwa limependeza, jeusi kwenye bluu, tulivu. Fundi alilala na mgongo unaouma na moyo mweupe.

Ijumaa asubuhi jua lilipopanda, stika ilirudi kwao. Kila kona ilijikunja, kila ukingo ulirudi nyuma, na kromu ikachungulia pande zote. Fundi alisimama uani na mkongojo wake. Kesho ndiyo Jumamosi.

Nyuma yake dirisha likafunguka.

"Fundi!" Dereva aliita. "Shimizi inaonekana!"

Alicheka. Alicheka kile kicheko cha nyuma ya pazia, ambacho nyumba haikukisikia tangu Jumatatu. Fundi alipandwa na mori, akafungua kinywa amtolee uvivu, na badala ya matusi kikatoka kicheko. Walicheka mpaka jirani akakohoa ng'ambo ya ukuta.

"Niliambiwa nisivute," alisema akijifuta macho.

"Na ukavuta."

"Nikavuta."

Dereva alitoka na waya mrefu wa umeme na draya aliyoiacha binti yao. Hakusema amebadili mawazo, wala Fundi hakumuuliza. Alisema tu kwamba kazi mbovu hataki kuiona kwenye gari lake, hata kama ni lake hadi kesho tu.

Walibandua vyote wakaanza upya. Fundi aliketi kwenye kigoda, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye kuinama kwa mguu ule ni kazi. Alilaza stika bila kuivuta, ikilegea kama shuka linalotandikwa. Dereva akapasha moto. Kila mviringo wa gari lile aliujua kwa vidole, alikuwa ameusugua miaka nenda miaka rudi. "Hapo kuna bonde dogo, likandamize kwanza. Hapo ukingo unaingia ndani, usikate bado." Stika ikipata joto inalainika, inakubali kukaa, Fundi anaisukumia kwenye ufa kwa kipande cha plastiki alichokivika kitambaa. Kisha unakuja wembe. Mkasi ulikuwa rafiki yake, wembe hapana. Ukiteleza, unachora rangi ya gari. Kila alipokata, Dereva alibana pumzi, na kila alipomaliza, waliachia pumzi pamoja.

Jua lilipopinduka, Fundi alimtazama mumewe akiwa amepiga goti mbele ya taa ya gari, draya mkononi, ameinamia mahali ambapo hata tone la mvua lisingegundua kasoro. Mawazo yakamjia ghafla. Mlango ule umefunguliwa asubuhi na jioni, mvua na jua, siku za furaha na siku walizokuwa wamenuniana hawasemeshani. Hata siku za kununiana ulifunguliwa. Naye alipanda, akashuka, akapanda, na hakuwahi kusema asante. Alishukuru moyoni, ndiyo, sana, lakini moyo hauna mdomo. Alitaka kusema palepale. Tatizo ni kwamba mdomo wake, kwa mazoea ya kubana pini, ulikuwa umejaa vipande vya stika.

"Mmm," alisema.

"Nini?"

Akatikisa kichwa, akachomoa kipande kimoja, wakaendelea.

Jumamosi waliamka mapema. Dereva alichukua funguo mezani bila maelezo, akamfungulia Fundi mlango, akalaza mkongojo kiti cha nyuma. Walishika barabara inayokwenda mashariki, ile aliyokuwa akiikwepa. Jua likachomoza mbele yao, kali, bila aibu. Fundi hakutazama barabara hata kidogo. Alitazama kichwa cha mumewe.

Kilisimama wima.

Jua alilikinga kwa kile kibao cha kushusha juu ya kioo, kama dereva yeyote. Ukanda wa boneti ulikuwa mweusi na kimya. Mtoto alitokea na baiskeli kwa mbali, na Dereva alianza kupunguza mwendo kabla Fundi hajafungua kinywa kumwonya. Baiskeli ikavuka. Mashavu ya Dereva yalilowa, na haikuwa kwa sababu ya mng'ao. Fundi aliweka mkono juu ya goti la mumewe, akauacha hapo mpaka waliporudi.

Mkwe alikuwa anawasubiri mlangoni. Alikuja kwa basi, kwa kuwa alitarajia kurudi akiendesha.

"Shikamoo baba, shikamoo mama. Nimefuata gari."

"Marahaba, mwanangu," Dereva alimjibu. "Gari liko kazini. Wewe ingia unywe chai, halafu nitakurudisha kwako."

Mkwe alilitazama gari, akawatazama wakwe zake, akaamua chai inatosha. Kijana mwenye akili.

Mkwe alipokuwa ndani, Fundi alizunguka gari akikagua kazi. Kwa sababu ya stika iliyoharibika Alhamisi, kishikio kimoja cha mlango kilikuwa hakijavikwa, cha mlango wake yeye. Kipande cha mwisho, cha ukubwa wa kiganja, kilikuwa mfukoni mwa aproni yake. Alikitoa akaanza kukipima kama kitatosha.

"Hicho usikifunike," Dereva alisema nyuma yake.

"Dereva, vazi haliachwi na kifungo kimoja cha rangi nyingine."

"Hicho hakinichomi macho. Kiache." Alitoa ile fulana kuukuu mfukoni, akakisugua kishikio taratibu, huku na huku, mpaka kikawaka. "Vile vingine nilikuwa navisugua watu waone gari. Hiki nilikuwa nakisugua kwa sababu ndicho cha kukufungulia wewe."

Fundi alisimama na kipande chake cha stika mkononi. Safari hii mdomo ulikuwa mtupu.

Mkwe alitoka akifuta midomo, akaingia nyuma. Dereva akafungua mlango wa mbele, akanyoosha mkono kupokea mkongojo.

"Asante, Dereva," Fundi alisema, kwa sauti, mpaka mkwe akageuka kuangalia kulikoni.

Kisha akampa mkongojo, akapanda.