Karatasi ya Mama Kabwe

Wakati Katanga ilipojitenga na Kongo, nilijifanya mtetezi wa wagonjwa hapa Likasi, kwa Kifaransa changu cha darasa la nne. Mume wa Mama Kabwe aliangukiwa na jiwe kule machimbo ya Kakontwe, na hospitali ikampa mama karatasi ya Kifaransa atie kidole. Niliipitia haraka, nikaona neno "matibabu", nikaridhika.

"Tia tu, mama. Ni haki yake ya kulala ku kitanda."

Kesho yake tulimkuta mumewe barazani, mguu umevimba. Nikamfokea muuguzi, mkono nimeuinua. Akaileta karatasi mbele ya foleni.

"Hapa inasema munakataa matibabu. Ni nani alikusomea, mama?"

"Ni huyu," Mama Kabwe alisema polepole, na foleni nzima ikanigeukia, mkono wangu ukiwa bado juu.