Mtaalamu na Maboga Machungu

Tangu alipohudhuria semina ya siku tatu kuhusu mbegu, mume wa Mama Pacha aliacha kuwa mkulima, akawa Mtaalamu. Jina alijipa mwenyewe, na watu wakamwita hilohilo, wachache kwa heshima, wengi kwa kumcheka. Cheti alikitundika sebuleni juu ya kiti chake, ili mgeni asiweze kumtazama usoni bila kukisoma.

Zamani aliuza maboga sokoni kama watu wengine. Sasa maboga yake yaliachwa shambani mpaka ganda likashinda ukucha, kisha yakapasuliwa, mbegu zikaoshwa, zikaanikwa kivulini, zikapepetwa na kutiwa kwenye bahasha. Kazi hiyo yote ilikuwa ya mkewe. Yake yeye ilikuwa kuandika juu ya bahasha: MBEGU SAFI KABISA.

Mwaka mmoja aliona uzio wa nyumba haulingani na hadhi yake. Akapanda kando yake maboga ya mapambo, yale madogo yenye vinundu ambayo hutazamwa tu, hayaliwi. Kutoka pale hadi shamba la mbegu ni hatua thelathini.

"Baba Pacha," mkewe alimwambia, "hayo ni machungu kama shubiri. Nyuki akitoka huko akaingia huku, mbegu zetu zitaharibika. Tuyang'oe. Au tuwe tunafunga maua jike kwa uzi jioni, asubuhi tuyapake chavua wenyewe."

"Semina ulikwenda wewe au nilikwenda mimi?"

"Ulikwenda wewe. Nyuki hawakwenda."

Alichukua ndoo, akaenda kumwagilia mapambo yake. Mtu mwenye cheti habishani na asiye nacho.

Mavuno yalipofika alichemsha boga, akamletea mkewe kipande mpaka jikoni. Lilikuwa tamu.

"Haya, uchungu uko wapi?"

"Nyama ya boga ni ya mama yake," Mama Pacha alisema. "Watoto wamo ndani ya mbegu. Subiri wazaliwe."

Mtaalamu alicheka mpaka akapaliwa. Wiki nzima akawa anawasimulia majirani jinsi mkewe anavyoogopa nyuki. Bahasha zikagawanywa: kwa fundi baiskeli, kwa mwalimu, na kwa mama mkwe wake, ambaye alimpelekea mwenyewe, pamoja na hotuba.

Msimu uliofuata watu walianza kumsalimia kwa namna mpya. Fundi baiskeli alimwuliza, "Mtaalamu, za maboga?" akaenda zake bila kungoja jibu. Mwalimu alimwona kwa mbali, akavuka barabara.

Jumapili moja mama mkwe akaja na sufuria imefunikwa. Alikaribishwa, akaketi, akauliza hali za pacha. Kisha akafunua.

"Nimekuletea boga, mkwe wangu. Limetoka kwenye mbegu zako."

Mtaalamu alitia kipande mdomoni. Uchungu ulimpanda puani, ukamshuka mgongoni. Lakini nani hutema chakula mbele ya mama mkwe?

"Vipi, baba?"

"Zuri," alisema, machozi yakimlengalenga.

"Basi ongeza."

Akaongeza. Mama Pacha alikuwa mlangoni, ameuma upindo wa kanga. Kipande cha tatu kilipopakuliwa, yeye ndiye aliyemhurumia.

"Mama, mwache. Litamdhuru."

Lilikwisha kumdhuru. Alasiri yote Mtaalamu aliimalizia chooni, na mama mkwe, kwa adabu zake, alikuwa akimpa pole kupitia mlango.

Siku ya tatu, mkewe akiwa sokoni, aliyang'oa maboga ya uzioni, aliyokuwa ameyapanda tena, na kuyachoma. Mama Pacha aliporudi aliliona jivu. Aliingia ndani, akatoa mkebe wa mbegu za miaka miwili nyuma, zile za kabla ya mapambo. Alikuwa ameziweka kando bila kumwambia mtu.

"Wapelekee," alisema. "Na uwaombe radhi."

Alizipeleka nyumba kwa nyumba. Kuomba radhi kulimshinda. Kwenye kila mlango alisema, "Tulikuwa na akiba," na hiyo "tu" aliitamka kwa mkazo.

Siku hizi, siku za soko, huwakusanya wanunuzi akawaeleza habari za nyuki: wanavyoruka mbali, wanavyochanganya maboga na maboga, na kwa nini ua jike hufungwa uzi jioni. Huyaeleza vizuri, kama mtu aliyeyagundua. Mama Pacha huwa pembeni, anahesabu mbegu kwenye bahasha, na hainui kichwa.