Puseletso Aomba Mkopo wa Nyumba

Puseletso Mokhachane wa mji wa Mangaung alikuwa fundi marumaru, na si fundi wa kubahatisha. Kazi alijifunza kwa mumewe. Mume alipofariki zana zilibaki, naye akazibeba bila kumwuliza mtu. Mwaka wa kwanza mafundi wanaume walimcheka. Mwaka wa pili wakawa wanakuja kumwomba kibarua. Tangu hapo hakuajiriwa na mtu, na neno bosi alikuwa nalo kwa kumwitia paka wake tu.

Nyumba aliyokaa ilikuwa ya kupanga, ya ntate Seabata, yaani mzee Seabata, mstaafu wa reli. Mwanzoni mwa mwaka mzee alikuja, akakaa jikoni, akamaliza chai yote ndipo akasema, akimwita mme, yaani mama kwa lugha yao.

"Mme Puseletso, narudi kwetu Qwaqwa. Nyumba nauza."

"Niuzie mimi."

"Una hela?"

"Nitakopa benki, kama watu."

"Yuko mtu wa Welkom mwenye teksi zake. Yeye hakopi."

"Huyo wa Welkom amewahi kukulipa kodi hata siku moja?"

Mzee akacheka. "Haya, nenda benki. Lakini ujue mimi sina tena umri wa kungoja."

Benki alimkuta binti mmoja, Keneuwe, mwenye adabu zake. Akamwomba slipu ya mshahara.

"Mwanangu, niandikiwe na nani? Au nijiandikie?"

"Basi tuangalie akaunti, mama." Binti akatazama kioo cha kompyuta, akatazama tena. "Hela inaingia vizuri. Ila ikiingia leo, leo hii inatoka yote. Kila mara."

"Naitoa. Si yangu?"

"Ni yako, mama. Inakwenda wapi?"

"Inakwenda panapotakiwa. Upatu, chama cha mazishi, vibarua, unga."

"Benki haivioni hivyo. Benki inaona mtu asiyebaki na kitu."

Kosa lilikuwa hapo, wala halikuwa la Puseletso peke yake. Mangaung siku ya hela foleni ya mashine inazunguka kona, kila mtu anachota mpaka tone la mwisho. Hela ikilala benki inaliwa na makato, ndivyo walivyofundishana. Tena wateja wengine walimlipa mkononi, na hizo benki haikuzijua kabisa. Basi mwanamke miaka yote anakula vizuri, analipa watu wake, hadaiwi na mtu, na machoni pa benki ni fukara.

Keneuwe akamwambia ukweli. Apitishe kila malipo benki, aiache hela ikae, kodi ya nyumba ailipe kutoka humohumo, na kodi ya serikali aiweke sawa. Miezi sita, kisha arudi. "Nikipeleka maombi yako leo yatarudishwa, mama."

Jumapili mkwewe Teboho, askari wa gereza, alikuja kula na mkewe Moipone. Akasikia habari, akasema kwa nia njema, "Mama, tuandike kwa jina langu. Mimi slipu ninayo."

"Halafu siku ukigombana na mwanangu mimi nikalale wapi?"

"Mama," Moipone akasema, "mwenzio anakusaidia."

"Nimemsikia. Mwache ale kuku."

Watu walisema ana kiburi. Wangejua. Dada yake mkubwa alikaa nyumba iliyoandikwa jina la mwanawe wa kumzaa, na siku ya siku jiko lake lilikutwa barabarani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Ikabaki kumwomba ntate Seabata angoje. Hiyo ilikuwa kazi kuliko kazi, maana Puseletso kuomba hakuzoea. Alikwenda, akasema maneno yake akiwa amesimama.

"Mme," mzee akajibu, "mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Ntate, kuinama ndiko kunakonilisha. Sema unachotaka."

Mzee alitaka hela ya kushikia nyumba, tena isiyorudishwa hata benki ikikataa mkopo. Hela hiyo hakuwa nayo. Zamu yake ya upatu ilikuwa ya Desemba, zamu ya Krismasi, ile ambayo kila mmoja huililia. Ikambidi aende kwa wanawake wenzake kuomba kubadilishana.

"Nani anaomba?" akauliza mme Disebo, mweka hazina. "Puseletso? Hebu rudia, sikio langu hili bovu."

"Naomba zamu ya mwezi huu."

"Sauti, mama, na wa nyuma wasikie."

"Disebo, natoa Krismasi yangu. Unaitaka huitaki?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Disebo mwenyewe ndiye aliyeichukua, akampa ya kwake, na hela hiyo ikaenda kwa ntate Seabata, akakubali kungoja.

Miezi ile haikuwa mitamu. Mteja mmoja, daktari, alitaka amlipe mkononi ili apunguziwe bei. Puseletso akakataa, daktari akatafuta fundi mwingine. Vibarua walinung'unika kulipwa kwa simu. Jikoni ikawa ugali na kabichi, kabichi na ugali, mpaka yule paka, bosi, akahamia kwa jirani. Lakini hela ilikaa. Kujua ipo na kutoigusa, hiyo ilimkosesha raha kuliko kabichi.

Miezi sita ilipokwisha maombi yakaenda, majibu yakaja. Keneuwe akamwita.

"Wamekubali, mama. Ila kwa umri wako hawatoi miaka ishirini. Wanatoa kumi. Kila mwezi itakuwa nzito."

"Nzito kuliko mfuko wa gundi ya marumaru?"

"Nzito zaidi, mama."

Hapo Puseletso aliinuka. Alitoka nje akakaa kwenye ukuta mfupi wa benki, akayanyoosha magoti yaliyokuwa yakilia tangu baridi ya mwaka juzi. Ilimaanisha jiko moja zaidi la kutandaza marumaru kila mwezi, mpaka uzee umkute bado sakafuni. Akafikiri habari ya Teboho na slipu yake. Akafikiri habari ya mtu wa Welkom. Kisha akaingia ndani akaomba kalamu, akaandika jina lake polepole, herufi moja baada ya nyingine, na hakuna aliyemharakisha.

Kwa wakili ntate Seabata alikuja amevaa koti la kanisani. Mambo yote yalikwisha vizuri mpaka ilipofika bili ya maji ya mwezi ule.

"Ni yako," mzee akasema. "Maji umeyatumia wewe."

"Mpaka saa nne leo nyumba ilikuwa yako. Mpangaji wako hakuwahi kulipa maji."

Wakabishana mpaka wakili akaangalia saa. Mwishowe wakagawana nusu kwa nusu, kila mmoja akiamini amedhulumiwa. Puseletso akarudi nyumbani kwake, akavua viatu, akalala mchana kweupe, na Jumatatu alikuwa kazini.