Patalo Niliyopiga Pasi kwa Umeme ya Chanjo

Miye Dezire, sekretere wa komine, karani wa serikali ya hapa, mutu wa kalamu na miwani, haya ya siku ile haijanitoka mupaka leo, na nikiwaelezea ni kwa sababu Bunia muzima inaijua tayari, basi afazali muisikie kwa mwenye kosa.

Ilikuwa ile miezi risasi ilinyamaza, watu wamerudi kwao, lakini kila nyumba iko na furushi ya kukimbia imefungwa nyuma ya mulango. Konsey ya komine ikasema wakati ni huu: tupange mambo ya umeme, tuache kungojea mazuti ya jenereta yenye inafika siku yenye inapenda, tutie pano za jua, vile vioo vya kuvuta umeme ku jua, ku vituo vya afya na ku masomo, tufundishe watu mbabula, yale majiko, za kula makala kidogo. Mupango niliiandika miye (na niliitembeza mukononi hata sokoni, watu waone).

Mukutano wa kura tukauweka ku kituo kimoja cha afya kule mutaa wa Lumumba, kwa sababu pale pano zilikuwa zinatumika tayari, na kwa sababu ya Mama Ngave, munganga mukubwa wa pale, mwanamuke mufupi wa sauti ya chini, mwenye alifanya na pano ine kitu yenye siye wenye diplome hatukuweza. Kila asubui wamama wanapangusa vumbi ku pano kwa zamu, kila mutu mwenye anachomeka kitu anaandika ku kaye, daftari ya kituo, jina, chombo na saa, hata yeye mwenyewe, na frigo ya chanjo inapita wakubwa wote. Kweli namuheshimu ule mama kuliko waministre niliowaona.

Bon. Juma ile makala ilikosekana, barabara ya Djugu yenye inaleta makala leo inafunguka kesho inafungwa, kwa hiyo pasi za makala zililala ku kila nyumba. Na miye nisimame mbele ya burgumestre, mukubwa wa komine, na makunyanzi ku nguo? Nikaazima pasi ya umeme kwa shemeji, nikaitia mu sashe ya plastiki, nikafika kituoni wengine hawajafika. Sentinele, mulinzi wa mulango, akaniuliza, "Sekretere, hauandike ku kaye?" Nikamujibu, "Ni dakika tano tu, papa, usinisumbue." (Hizo dakika tano zitanifuata mupaka kaburini.)

Nikapiga pasi mu chumba cha kupimia wagonjwa, patalo yangu, suruali ya mikutano, ikanyooka vizuri, nikasikia nyuma ya ukuta kitu inalia kidogo, tii, kisha kimya, nikawaza ni telefone ya mutu, nikavaa, nikatoka mbio, pasi nikaisahau pale pale.

Salle ikajaa, konsey yote, na ku baraza wamama na watoto mugongoni wanangojea chanjo. Nikasoma mupango kwa sauti ya katekista, nikafika mahali pa kusema: "Ni marufuku kuchomeka pasi ama chombo yoyote ya moto ku pano za wote." Wakapiga makofi. Ni pale Mama Ngave akaingia, mukono moja kipima-joto, mukono ingine pasi, bado iko na moto.

"Frigo imezimika," akasema, pole pole vile anasemaka. "Hii ni ya nani?"

Ndugu zangu, watu wakaanza kuangaliana patalo. Burgumestre, makunyanzi. Muzee Dhego, konseye mwenye alikuwa anakataa mupango tangu mwanzo, makunyanzi mupaka magotini. Komine yote imekunjamana, isipokuwa miye, nimenyooka kama bwana arusi. Mama mumoja wa ku baraza akasema, "Sekretere iko na mustari ya pasi." Wakacheka mupaka watoto wakalia.

Ningependa wacheke mupaka jioni, maana Muzee Dhego akasimama. "Mwenye kuandika sheria ndiye anaivunja. Hizi pano tukizigawa, nani atazichunga? Miye nakataa." Vichwa vikaanza kuitika. Nikaona mupango inakufa, na wamama waliotukimbilia kutoka Bambu na Kilo waendelee kuzaa kwa mwanga wa telefone, kwa sababu ya patalo yangu.

Mama Ngave hakuniangalia hata. "Chanjo iko salama, niliihamisha mu boksi ya barafu. Lakini Muzee, wakati wa jenereta, mazuti ikipotea, tulijuaka ni nani?"

Muzee akatikisa kichwa: hapana.

"Leo tumejua mbele ya saa sita. Na kosa si ya sekretere peke yake. Frigo na chumba ile wanatumia waya moja, miye niliiona na nikaiacha. Muandike ku mupango: frigo ikuwe na pano yake na batri yake. Kisha mupige kura."

Alibeba nusu ya haya yangu mbele ya watu wote, na hakuwa na deni nayo. Nikaandika. Muzee Dhego akainua mukono, wa mwisho kati ya wote, akanielekea: "Ni kwa sababu ya mama, si kwa sababu yako." Mupango ikapita, na miye, na mustari yangu, nikamushikia Mama Ngave boksi ya barafu mupaka mutoto wa mwisho akachanjwa.

Tangu siku ile niliapa: mbele ya kuandikia watu "ni marufuku", najipima kwanza kwangu nyumbani juma moja. Mara mingi nashindwa, na neno ile naifuta.