Domina, Binti wa Mfinyanzi

Enzi zetu kule Buyenzi, Bujumbura, sisi watoto wa wakimbizi wa Rwanda, hakuna aliyekuwa na sahani yake. Mnakumbuka, wenzangu? Ugali wa muhogo ukifuka mvuke katikati ya sinia, ndagala, dagaa wa ziwani, wenye mawese pembeni, na mikono ikigombea kichwa kimoja cha samaki. Leo wanangu hapa Rebero, Rwanda, kila mmoja ana sahani, kijiko na simu yake. Ukiwaambia wabariki chakula, kwanza wanakipiga picha.

Kwenye sinia letu alikula pia Domina. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na siku hizo watu hawakula na mfinyanzi, kwani kabila lao lilihesabiwa najisi. Walinunua vyungu vyake, wakapikia humo, lakini yeye mwenyewe akiomba maji walimmiminia viganjani, kikombe kisiguse mdomo wake. Alipougua akalazwa, mama yangu alikwenda kumchukua binti yake, akamleta kwetu akiwa na udongo mpaka kwenye nyusi. Tuliruka kamba pamoja, tukaenda katekisimu pamoja, tukalala mkeka mmoja, naye usingizini alinipiga mateke kama punda.

Jirani mmoja akaja kumwonya mama.

"Mama Yozefina, unakula na watu hao? Basi kwako hatutaingia tena."

Mama hakuacha hata kuchambua maharage. "Sawa, mama. Sisi wenyewe tulifika hapa hatuna kwetu, tukapokelewa. Nikimfukuza huyu, Jumapili nitamwambia nini Yesu?"

Yule jirani kweli hakuingia tena, wala rafiki zake. Siku ya ubatizo wa Domina kila mwanamke alikuwa na udhuru. Mama akasimama mwenyewe kuwa mama yake wa ubatizo, katika kitenge chake cha pekee, kimepigwa pasi ya mkaa hadi kikanukia.

Tukarudi Rwanda, Domina akabaki Burundi na mama yake mzazi, aliyekuwa amepona. Kisha Burundi nako kukachafuka, akakimbia yeye, akaja Rwanda. Nilimkuta Gitega, mtaa wa hapa mjini kwetu, si ule mji wa Burundi, mvi zimemjaa, ameketi nyuma ya mbabura za udongo, majiko ya mkaa anayouza. Tulikumbatiana mpaka wapita njia wakasimama kututazama. Nikamwomba aje tusali kwenye jumuiya yetu, inayokutana nyumba kwa nyumba.

Alikuja mapema, amependeza. Akaulizwa kazi yake, akasema ukweli: anafinyanga, kama mama yake. Injili ya siku hiyo ilikuwa ile ya karamu, maskini na vilema wanapoitwa kutoka njiani. Mama mwenye nyumba aliisoma kwa sauti nzuri sana. Kisha chai ikaletwa, naye akamnong'oneza mfanyakazi wake:

"Yule mfinyanzi mpe kikombe cha plastiki, halafu ukitupe."

Domina alisikia. Sote tulisikia.

"Dada, tumetoka kusoma nini sasa hivi?" nikauliza.

"Kusoma ni kusoma, Yozefina. Hapa ni kwangu."

Nikawatazama wengine. Wengi wao ni watu wa rika langu, wamezaliwa ukimbizini kama mimi. Walikuwa wanapuliza chai. Nilimpa Domina kikombe changu, hakukipokea. Tukatoka.

Nilimwendea padri. Alihubiri vizuri juu ya upendo, watu wakaitikia amina, na wiki iliyofuata jumuiya ikakutana nyumba nyingine bila kuniambia.

Domina hasali tena. Nikienda Gitega ananipisha kwenye kigoda chake, tunacheka ya zamani, ila nikitaja kanisa anageuza uso. Mara ya mwisho alinishika mkono.

"Usinibembeleze, dada. Dini ya mama yetu mliizika naye."

Ubaguzi ulikuwepo hata enzi zetu, sidanganyi. Lakini wakati ule mwanamke mmoja mkimbizi, mwenye kitenge kimoja, aliweza kumpa mtoto wa watu mahali pa kukaa mbele za Mungu. Leo tuna nchi, tuna nyumba zenye geti na kanisa la vigae, na mahali hapo pamepotea.