Kompyuta Yangu Ilipojua Kiswahili

Mimi ndiye bingwa wa kompyuta wa mtaa wa Makorora, na shahidi ni mimi mwenyewe. Juzi niliwafundisha akina mama madrasani, ustadhi akiwa ameshika ufunguo wa chumba cha kompyuta, tayari kunikabidhi usimamizi. Kwa huruma yangu, kompyuta niliiweka kwa Kiswahili ili wasome wenyewe. Nikawaeleza taratibu kuwa programu za wizi ni haramu, kisha nikafungua programu yangu. Ulinzi wa kompyuta ukaikataa, projekta ikatangaza ujumbe wake ukutani nyuma yangu.

“Nani atatusomea?” niliuliza bila kugeuka.

Bi Mwanaidi, mmoja wa akina mama, akasoma polepole: “Programu imezuiwa. Leseni yake ni ya kughushi.”

Ustadhi akarudisha ufunguo mfukoni.

“Nimepatia, mwalimu?”

“Umepatia, bibi. Neno kwa neno.”