Popi Alipoombewa na Jumuiya

Jumamosi, saa kumi kasoro dakika kumi, ndipo aibu yangu ilipoanza, na naiandika mapema kabla dada hajaisimulia Rombo nzima kwa namna yake.

Mbwa wetu Popi alikuwa anakohoa siku ya tatu, kikohozi kikavu kama amekwamwa na mfupa, na baba alipoondoka kwenda Moshi alisema, "Nikirudi kesho bado anakohoa, namwita mtu amuue. Huenda ni kichaa hicho." Siku hiyo jumuiya ilikuwa inasali kwetu, nikaogopa wakimsikia watamchongea kwa baba, basi nikamfungua kamba kule jikoni, nikamlaza kitandani kwangu, nikamvika sweta langu la mtumba na kumfunika blanketi gubigubi.

Katikati ya rozari: Kho! Kho! Kho!

"Nani mgonjwa huko ndani?" akauliza Mama Mwenyekiti.

Mama yangu alikuwa jikoni anachemsha chai, macho yote yakanigeukia (mimi ambaye hata darasani nikitajwa jina natetemeka), nikasikia mdomo wangu unasema, "Shangazi."

"Shangazi anaumwa hivyo na sisi tumekaa tu? Twendeni tukamwombee!"

Nikasema amelala, nikasema ana haya, nikasema anaambukiza (hilo ndilo lililowazidishia imani), wakaingia wote, Mama Mwenyekiti akaweka mkono juu ya blanketi, akafumba macho, "Ee Bwana, mtazame mama huyu..." Popi akatoa kichwa akamlamba mkono.

Aliyecheka kwanza ni bwana mifugo, jirani yetu. Akampapasa Popi shingoni. "Sindano ya kichaa alichomwa?"

"Alichomwa."

"Anakula?"

"Anakula, shikamoo." (Salamu ilikuja yenyewe!)

"Marahaba. Hiki si kichaa, mwanangu, ni kikohozi tu, mbwa huambukizana. Mtoe kwenye moshi wa jikoni, kamba mpitishie kifuani isimkabe koo, asichanganyike na wenzake. Akigoma kula au akihema kwa shida, niite siku hiyo hiyo. Baba yako niachie mimi."

Nilifurahi mpaka nikasahau kulia. Ila nimeapa: mbwa akikohoa, nitasema ni mbwa.

Leo asubuhi kabla ya misa nimechuma jani la sale pembezoni mwa kihamba chetu cha migomba (kwetu ndilo la kuombea msamaha, ukiletewa hukatai), nikampelekea Mama Mwenyekiti. Amelipokea, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maziwa. "Ya mgonjwa," akasema. Nimekishika kwa mikono miwili, nikatembea taratibu mpaka nyumbani, yasimwagike.